Kwenda Yas au Kungoja: Safari ya Watoto Wakati wa Korona

Kisiwa cha Yas kiko pembezoni mwa jiji la Abu Dhabi, nacho hakina misikiti ya kale wala magofu ya kumvuta mwanahistoria. Umaarufu wake ni wa juzi. Mwaka 2010 palifunguliwa hapo Ferrari World, jengo lenye paa jekundu kubwa ajabu, na ndani yake gari la reli liendalo kasi ya kilomita 240 kwa saa, ambalo abiria wake huvaa miwani ya kukinga macho kabla ya kuondoka. Mwaka 2013 ikafuata bustani ya maji, Yas Waterworld, na mwaka 2018 ikaja Warner Bros. World, ambamo mitaa mizima na hata anga vimetengenezwa chini ya dari moja.

Watoto wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu wanazijua bustani hizi kwa majina hata kabla ya kupanda ndege. Babu zetu waliifuata njia ya Ghuba kwa majahazi, wakienda na kusi na kurudi na kaskazi. Siku hizi ni mwendo wa kama saa tano kwa ndege kutoka Nairobi, na nyumba nyingi za pwani zina ami, khalati au binamu aliyeko Dubai, Sharjah au Abu Dhabi kwa kazi. Ndugu huyo hutuma picha, picha hupita mikononi mwa watoto, na likizo ya shule ikikaribia, ombi huwa ni lile lile.

Likizo ya Aprili mwaka 2020 ilikuwa imeshapangwa katika familia si chache. Kisha habari zikaja moja juu ya nyingine. Tarehe 27 Februari Saudi Arabia ilisimamisha safari za Umra. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani liliutangaza ugonjwa wa COVID-19 kuwa janga la dunia, na siku mbili baadaye mgonjwa wa kwanza akathibitishwa hapa Kenya. Katikati ya mwezi huo shule zetu zilifungwa, na bustani za Imarati nazo zikafunga milango. Kufikia tarehe 25 Machi ndege za abiria za kimataifa zilikuwa zimesimama. Mzazi aliyekuwa na tiketi mkononi hakuwa na la kuamua, kwani amri ilikuwa imeshamwamulia. Alipokea vocha, akaiweka.

Kisha mambo yakageuka. Dubai ilianza kupokea watalii tarehe 7 Julai. Bustani za Yas zilifunguliwa tarehe 28 Julai. Ndege za kimataifa zilirudi Kenya tarehe 1 Agosti, siku moja tu baada ya Idd-ul-Hajj. Watoto walikuwa nyumbani tangu Machi, na Wizara ya Elimu ilikuwa imeshatangaza kuwa shule zingefunguliwa Januari 2021. Vocha ilikuwapo, muda ulikuwapo, na mlango ulikuwa wazi. Uamuzi ulirudi mikononi mwa wazazi, na kuamua ni kuzito kuliko kutii amri.

Tusilidharau ombi la mtoto. Miezi mitano ya kukaa ndani, bila wenzake, bila chuo wala madrasa, si jambo dogo kwa mwenye umri wa miaka tisa. Ahadi ya safari ndiyo iliyowashikilia wengi wao wakati Mji wa Kale ulipofungwa mwezi Mei na mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka. Mzazi aliyetamani kuitimiza ahadi hiyo hakufanya ufisadi wala anasa ya kulaumiwa. Kwa hivyo na tuitazame safari yenyewe, hatua kwa hatua, kama anayeifunga mizigo.

Safari ilianzia kituo cha treni cha Miritini, saa kadhaa katika behewa hadi Nairobi. Kisha zilikuwa foleni za uwanja wa ndege, na ndege ambayo abiria wake walivua barakoa wakati wa kula. Dubai wakati huo, mwaka 2020, ilitaka cheti cha kipimo cha PCR kilichofanywa ndani ya saa 96 kabla ya safari. Aliyetaka kuvuka kutoka Dubai kuingia Abu Dhabi alitakiwa kuonyesha cheti kingine, cha ndani ya saa 48. Kenya nayo ilidai kipimo cha saa 96 kwa walioingia. Kwa familia ya watu sita, hivyo vilikuwa vijiti vingi vya pamba kuingizwa puani, na kila kijiti kilikuwa na gharama yake. Isitoshe, cheti husema hali ya mtu siku aliyopimwa. Dalili za ugonjwa huu huweza kuchukua hadi siku 14 kujitokeza, na mtoto huweza kuubeba bila ya homa wala kikohozi.

Halafu kuna hali ya hewa. Mwezi Agosti joto la Abu Dhabi hupita nyuzi 40, na ndiyo maana bustani mbili kati ya tatu tulizozitaja zimejengwa ndani, kwa hewa ya kupozwa. Jambo hilo katika mwaka wa kawaida ni rehema. Mwaka 2020 ilikuwa ni shaka, kwa kuwa madaktari walituambia kuwa ugonjwa hupata nafasi pale watu wanapokusanyika mahali palipofungwa kwa muda mrefu. Wasimamizi walipunguza idadi ya wageni, walipima joto la mwili mlangoni na walisafisha viti. Juhudi yao haikanushiki. Lakini furaha ya bustani hizi ni kelele, vicheko, kupiga mayowe ukiwa bega kwa bega na usiyemjua. Huwezi kuiondoa hiyo ukabaki na bustani.

Wala si mara ya kwanza kwa mahali pa michezo kuwa njia ya maradhi. Mwezi Desemba 2014 ugonjwa wa surua ulizuka miongoni mwa wageni wa Disneyland huko California, na kabla ya kudhibitiwa ulikuwa umewapata watu zaidi ya 100, wengine katika majimbo ya mbali. Waliupata wakiwa likizoni, wakaenda nao makwao. Mwaka 2020 nao una mafunzo yake. Disneyland ya Hong Kong ilifunguliwa tarehe 18 Juni baada ya kufungwa kwa miezi, na tarehe 15 Julai ikafungwa tena. Huko Florida, Walt Disney World ilifungua milango tarehe 11 Julai. Kesho yake jimbo hilo likatangaza wagonjwa wapya zaidi ya 15,000 kwa siku moja. Hapana anayeweza kusema bustani ndiyo sababu, maana ndiyo kwanza ilikuwa imefunguliwa. Linaloonekana ni kwamba kufunguliwa kwa mlango si ushahidi kuwa maradhi yameondoka.

Hata hivyo, hesabu ya safari haiishii Yas. Inaishia nyumbani, na hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwa familia za pwani. Anayekwenda ni baba, mama na watoto. Wanaporudi, wanarudia nyumba ambamo nyanya amelala chumba cha chini, babu ana kisukari, na jirani huingia bila ya kubisha hodi kuja kuwapa pole ya safari. Watoto watamkimbilia nyanya kabla hata mizigo haijashushwa, naye atawakumbatia. Nani atawazuia? Hatari ya kwenda wanaigawana wale waliofurahi. Hatari ya kurudi humfikia pia yule ambaye hakupanda gari lolote la reli.

Serikali ilipofungua nyumba za ibada mwezi Julai, iliweka sharti kuwa wasiingie walio chini ya miaka 13 wala walio juu ya miaka 58, na ibada isizidi watu 100 wala saa moja. Wazee wetu walilipokea hilo kwa machozi, maana walikuwapo ambao hawakuwa wameikosa jamaa kwa miaka mingi. Ilikuwa vigumu kumweleza mzee aliyezuiliwa msikiti wa mtaani kwake, kwa ajili ya usalama wake, kwamba wajukuu waliozuiliwa pamoja naye walikuwa wametoka kuchanganyika na umati wa nchi nyingine, na usiku wangekula naye sinia moja.

Dini yetu ina mfano ulio wazi kwa msafiri wa namna hii. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham, naye si kwa matembezi bali kwa shughuli za dola. Alipofika mahali paitwapo Sargh, akapashwa habari kuwa tauni imeingia huko aendako. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina wakakhitalifiana, akawaita Ansari nao wakakhitalifiana, kisha akawaita wazee wa Kikureshi, na hao wakakubaliana kwa kauli moja kuwa arudi. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, Umar alimjibu kwa maana kwamba anatoka kwenye kadari moja kwenda kwenye kadari nyingine ya Mola yule yule. Ndipo Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.): kwamba nchi iliyoingiwa na tauni haiingiwi, na aliyemo ndani yake asitoke kuikimbia.

Mafundisho hayo yana pande mbili, na mara nyingi tunaukumbuka mmoja. Kutoingia kunamlinda msafiri. Kutotoka kunawalinda wale ambao msafiri angewafikia. Na sisi, ambao maradhi yalikuwa kwetu na yalikuwa kwao, tulihusika na pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Upo pia mfano wa mwaka 2020. Hija ya mwaka huo haikupokea mahujaji kutoka nje; ilifanywa na wachache waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia. Wapo kati yetu walioweka akiba miaka kumi, wakatayarisha ihramu, wakaaga jamaa, na wakabaki. Hawakusema kuwa fedha imeshatoka. Ikiwa nguzo ya dini iliweza kungoja kwa ajili ya kuhifadhi roho, basi mchezo wa dakika mbili juu ya reli uliweza kungoja pia.

Haya hayasemwi ili kumfunga kila mtu. Familia zetu zinazoishi Abu Dhabi hesabu yao ni nyingine: bustani iko mwendo mfupi kutoka nyumbani, hawapandi ndege, na mara nyingi hawana mzee ndani. Anayesafiri kwa matibabu, kazi au msiba ana dharura yake. Lakini kwa familia ya Mombasa iliyokuwa ikienda kutembea tu wakati huo, na ambayo katika nyumba yake alikuwamo mwenye umri au maradhi, rai yetu ilikuwa kwamba safari hiyo iahirishwe. Wahenga walisema kawia ufike.

Kuahirisha nako kuna adabu zake. Kwanza, mfanye kikao cha nyumba, wazee wakiwamo, kama alivyofanya Sayyidna Umar. Wasiamuliwe jambo linalowahusu. Pili, someni masharti ya vocha leo: mwisho wake ni lini, yaweza kuhamishiwa jina jingine, kuna ada ya kubadilisha tarehe? Maswali hayo yaulizwe kwa maandishi na majibu yahifadhiwe. Tatu, mtoto aambiwe ukweli wote. Asiambiwe “tutaona” ilhali uamuzi umeshapita. Aambiwe kuwa safari haikufutwa, kwamba imesogezwa kwa ajili ya nyanya, na kwamba yeye ni mshirika katika kumlinda. Watoto huweza kubeba jambo kubwa wakipewa heshima ya kulijua.

Na wapewe safari nyingine, ndogo lakini ya kweli. Tarehe 7 Julai 2020 kizuizi cha kuingia na kutoka Mombasa kiliondolewa. Katika Kaunti ya Kwale iko mbuga ya Shimba Hills, mahali pekee katika Kenya ambapo palahala angali akiishi porini. Kuna ndovu, kuna msitu, kuna maporomoko ya Sheldrick, na juu ya vilima upepo huvuma kutoka baharini, ambayo huonekana kwa mbali. Ivukeni feri ya Likoni alfajiri kabla ya msongamano, mkiwa ndani ya gari lenu, madirisha wazi. Chukueni mkate wa mofa, samaki wa kukaanga na birika la chai, mrudi kabla ya usiku. Mandhari hayo hayana kasi ya kilomita 240, lakini hewa yake ni ya wazi, na ni safari ambayo nyanya naye anaweza kukaa kiti cha mbele.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na awahifadhi wazee na watoto wetu. Amin.