Dripu ya Polepole

Wasee, leo naanza na msamaha.

Juzi mtoto wa anti yangu, miaka miwili, alishikwa na malaria kali. Tukambeba na boda usiku hadi hospitali moja huku upande wa Rongo. Nesi akamwekea dripu, ikawa inadondoka tone moja moja. Anti akamwambia, "Sista, si uifungue iende haraka?" Akakataa. Mimi nikatoa simu, nikarekodi, nikaposti: "Hivi ndivyo mtoto wa maskini anatibiwa." Mkashea kweli kweli.

Mtoto alipona. Siku ya kutoka, nesi yule yule akaniita kando, akanielezea bila hasira. Chuo niliacha, lakini kusoma sijaacha, so nikaenda kutafuta mwenyewe.

Iko hivi. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vizuri, amwagiwe maji ya mshipa haraka. Hayo yalikuwa mazoea ya nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Kwa watoto wetu, wenye malaria na upungufu wa damu, hayakuwa yamepimwa vizuri.

Ndipo Kathryn Maitland, daktari anayefanya utafiti Kilifi, na wenzake wakayapima kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Januari 2011 wakasimamishwa mapema. Kwa nini? Ndani ya saa 48, waliomwagiwa haraka walikufa karibu 11 kwa kila 100. Wasiomwagiwa, kama 7.

Manze, hiyo tofauti ni watoto wa watu.

Msichanganye: mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara hakuwa kwenye utafiti huo. Huyo anahitaji maji, mkimbizeni hospitali.

Mimi nilidhani usawa ni sisi kupewa kile mtoto wa London anapewa, na kwa kasi ile ile. Kumbe usawa unaanza mapema, pale mwongozo unapoandikwa: umepimwa kwa nani, na kwa hospitali ya aina gani? Kama sisi hatukuhesabiwa, hata dawa nzuri inaweza kutuua.

Ile video nimeifuta. Sista, kama unasoma hii, nisamehe. Nyinyi mlioshea, shea na hii pia.