Jiko Letu Wakati wa Kusi

Wengi wanaozuru kisiwa cha Lamu huja wakati wa kaskazi, kisha hurudi kwao wakidhani kwamba kwetu ni vivyo hivyo mwaka mzima. Mimi nimelelewa katika nyumba ya wageni yenye vyumba vitano, basi nitawasimulia na upande wa pili.

Kuanzia Desemba hadi Machi bahari huwa shwari. Wavuvi hufika mbali, na mama huletewa nguru na kamba mlangoni. Mimi hukuna nazi alfajiri kabla ya kuvaa sare ya shule. Mgeni hupakuliwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, na embe juu yake, akala mpaka akasahau kwao! Lakini hata wakati huo wa neema mama hajisahau. Samaki wanaozidi huwapasua, akawatia chumvi na kuwaanika darini wawe ng'onda. Embe mbichi nazo hutiwa achari. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa akiba haiozi.

Aprili mvua za masika huanza, kusi nayo ikavuma. Bahari huchafuka na wageni hukatika. Hapo sisi hula muhogo wa nazi kwa ng'onda, au wali mtupu kwa achari. Mama hukanda unga usiku, akaamka saa kumi alfajiri kukaanga mahamri, na mbaazi za nazi zikichemka kando. Majirani huja na vyombo vyao kununua. Jiko lililopikia wageni sasa hupikia mtaa.

Mwaka jana mvua ilibandua chokaa ya chumba kimoja, na pesa zangu za chakula cha mchana shuleni hazikuwa zimelipwa. Mjomba akamwambia mama, "Dada, tuuzeni nyumba hii. Kuna tajiri aitaka. Wangapi washauza?"

Mama alimaliza kwanza kuhesabu sarafu za mahamri. Kisha akasema, "Huyo atakuja kaskazi, na kusi atafunga mlango aende zake. Sisi tutakwenda wapi?"

Pesa za shule zililipwa kidogo kidogo, leo mia mbili, kesho mia tatu. Ukuta ulingoja hadi Desemba. Mjomba bado hajaridhika, na kila masika maneno ni yale yale.

Mji wetu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na nyumba zake za mawe na boriti husifiwa sana. Ni kweli, zapendeza. Lakini mimi naona nyumba haisimami kwa mawe pekee. Yetu imesimama kwa sababu kuna mtu ajuaye mwezi wa kuanika samaki na mwezi wa kuwala.

Ewe mwenzangu, ukitaka kuijua Lamu, usije Januari peke yake. Njoo Juni pia. Kamba hutapata, ila ng'onda ipo, na mahamri utayakuta yangali moto. Karibu sana.