Jani Moja la Usambara

Muulize Mbongo yeyote anayeishi Ulaya kinachomsumbua kule, wengi watakwambia baridi. Siwabishii, ila kwangu mimi baridi si ishu. Baridi unaivalia. Unatinga soksi mbili, sweta, koti na kofia, maisha yanasonga. Kinachomaliza watu ni giza. Hapa Hannover, Ujerumani, mwezi wa Desemba jua linachomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa kumi na robo jioni limeshazama. Unakwenda kazini giza, unarudi giza. Sasa chukua mke na mume, waweke kwenye nyumba ya vyumba viwili, kila mmoja na zamu yake ya kazi, halafu uwaongezee msiba. Hapo ndipo mtajua kama mnapendana au mmezoeana tu.

Sisi msiba ulitukuta Novemba. Mama mkwe wangu alifariki kijijini kwao, Lushoto. Kwa sisi Waislamu maiti haisubiri. Alifariki alfajiri, alasiri akazikwa. Hakuna ndege ambayo ingemfikisha mwanawe kwa wakati. Tulifuatilia mazishi kwa simu, mume wangu kaishikilia sikioni kwa mikono miwili kama anayeogopa itadondoka. Dua ilipoisha akasema "amin", akaweka simu mezani, akaenda kuoga. Tangu hapo akanyamaza.

Naomba nieleweke. Hakuwa amenuna, wala hakuwa na ugomvi na mtu. Kazini anakwenda, bili analipa, mtoto anampeleka chekechea. Ila ukimuuliza "vipi?" anajibu "poa". "Umekula?" "Nimekula." Yaani maongezi yetu yakawa mafupi kuliko meseji. Kuna jambo dogo lililokuwa likiniuma kuliko yote. Binti yetu ana miaka mitano na amepewa jina la bibi yake huyo. Tangu azaliwe baba yake hakuwahi kumwita kwa jina, alikuwa akimwita "mama". "Mama, njoo ule." "Mama, viatu viko wapi?" Baada ya msiba akaacha. Ikawa "wewe mtoto".

Mashoga zangu walinipa ushauri wa kila namna. Mmoja akasema mpe muda, mwingine akasema mpikie. Nilimpa muda na nikampikia, hadi bada na samaki wa nazi nikasonga, kwenye nchi ambayo kupata unga wa muhogo lazima uzunguke mji. Akala, akashukuru, akaenda kulala.

Bibi wa chumba cha mwisho

Mimi ni muuguzi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Chumba cha mwisho koridoni alikuwepo bibi mmoja aliyevuka miaka themanini, mcheshi, na dirishani kwake amepanga vyungu vidogo vya maua ya zambarau. Siku moja mwishoni mwa Februari, nikiwa namfunga viatu, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Afrika. Akasema Afrika ni kubwa, wapi? Tanzania. Tanzania wapi? Nikaona huyu leo hanibandui, nikamwambia: Tanga, karibu na milima ya Usambara.

Bibi akaangua kicheko, akanyoosha kidole dirishani. "Basi hao ni ndugu zako!"

Kumbe yale maua, ambayo hapa yanauzwa hadi supamaketi na kila bibi anayo moja dirishani, kwa Kijerumani yanaitwa Usambaraveilchen. Yaani urujuani wa Usambara. Nilikuwa nimeyapita miaka mitatu bila kusoma kibandiko.

Nilivyofika nyumbani nikachimba habari zake. Ni kwamba wakati Wajerumani wanatawala kwetu, mwaka 1892, ofisa wao wa Tanga aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alikutana na maua haya kule Usambara akayapeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba mtu akayafikisha kwa Hermann Wendland, bingwa wa mimea aliyekuwa akisimamia bustani za Herrenhausen. Wendland ndiye aliyeyaandika kitaalamu mwaka 1893 na kuyapa jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya familia hiyo. Mwaka 2015 wataalamu wakayahamishia kwenye ukoo mwingine, Streptocarpus, lakini mitaani jina la zamani bado linatamba. Na hizo bustani za Herrenhausen ziko wapi? Ziko hapa hapa Hannover! Ua la kwa mama mkwe wangu lilikuwa limetutangulia kufika mji huu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Yule bibi hakunipa chungu. Alinipa jani. Alikata jani moja na kikonyo chake kama inchi moja na nusu, akalifunga kwenye karatasi yenye majimaji, akaniambia hilo moja litatosha.

"Hilo nini?"

Nilichukua kopo tupu la nyanya, nikalitoboa chini, nikaweka udongo mlaini, nikachomeka kikonyo, nikafunika na mfuko wa plastiki ili unyevu usikimbie. Nikaliweka dirishani upande wa mashariki. Maua haya hayataki jua kali wala hayapendi kumwagiwa maji baridi juu ya majani. Maji ya uvuguvugu unayaweka kwenye kisahani, yanajinywea yenyewe kutoka chini.

Mume wangu akarudi kazini, akalitazama kopo.

"Hilo nini?"

"Ua. La kwenu."

"La kwetu wapi?"

"Usambara."

Akafunua plastiki. Akalishika lile jani kwa vidole viwili, akawa analipapasa, maana lina vinyweleo laini kama shavu la mtoto. Akakaa kimya sana, nami nikaendelea na vyombo vyangu. Halafu akasema: "Haya yako mtoni kule kwetu. Yanaota kwenye mawe, penye kivuli. Mama alikuwa akituambia tukienda kuchota maji tusiyang'oe, yanapendezesha njia."

Ndugu msomaji, hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Novemba kulisikia neno "mama" kinywani mwake. Nikazima bomba la maji. Alianza na mto, akaja kwenye ndoo ambayo ilikuwa inavuja, akaja kwenye miti ya plamu nyuma ya nyumba, akaja kwenye jinsi marehemu alivyokuwa akipanda maua kwenye makopo ya mafuta ya kupikia na kuwafukuza kuku kwa kanga. Chai ikapoa, nikachemsha nyingine. Alilia pia, siwezi kuficha, na mimi nikalia. Tulilala saa saba usiku na kesho yake wote tulikuwa na zamu ya asubuhi.

Robo saa ya mikono

Baada ya usiku ule nikapata wazo. Nikamwambia, mwenzangu, hebu kila siku baada ya kula tutenge robo saa tu. Simu zinaingia kwenye droo, televisheni inazimwa, kila mtu afanye kitu kwa mikono yake. Si kazi za ndani, kitu chochote cha kujifurahisha. Akanitazama kama nimechanganyikiwa, ila akakubali.

Mimi nilitoa kanga zangu za zamani zilizochanika, nikaanza kuunga vipande vipande kupata foronya. Siku za kazi natumia cherehani, Jumapili nashona kwa mkono, kwa sababu Jumapili hapa ni siku ya utulivu na kelele za mashine jirani hapendi. Binti yetu akawa anapanga vipande kwa rangi, na kunisimamia kama bosi.

Mume wangu ndiye alinishangaza. Ujanani, kabla ya kupata kazi za ofisini, alikuwa akichora mabango ya saluni na maneno nyuma ya mabasi pale Tanga. Nilijua, lakini ilikuwa stori ya zamani tu, tangu tuoane sijawahi kumwona na brashi. Jioni ya tatu akarudi na vikopo vinne vidogo vya rangi. Akachukua lile kopo la nyanya, akalisugua, akalipaka buluu. Kesho yake akaandika herufi nyekundu zenye kivuli cha njano, zile herufi zetu za basi kabisa, zimenona na zimeinama kidogo kama zinakimbia: MAMA YUPO.

Sikusema kitu. Nililipeleka dirishani, nikaendelea kushona.

Majira yasiyo na jina

Huku nje nako mambo yalikuwa yanabadilika. Unajua, Kiswahili hakina neno lake hasa kwa majira haya. Vitabu vingine vinasema masika, lakini sisi masika yetu ni mvua za Machi hadi Mei, matope hadi magotini na foleni isiyosogea. Wengine wanasema majira ya machipuko. Mimi hilo nimelikubali, kwa sababu ndicho unachokiona kwa macho.

Kwanza vinatokea viua vyeupe vimeinamisha vichwa, wakati mwingine theluji bado ipo. Halafu kwenye majani ya bustani za mji yanatokea ya zambarau na njano, hayana shina la maana, yametoka tu ardhini kama mtu kayatupa. Halafu vichaka vinakuwa vya njano vitupu kabla ya kutoa jani hata moja. Ndege wanaanza kupiga kelele alfajiri. Duka la aiskrimu lililofungwa majira yote ya baridi linafunguliwa, na watu wanapanga foleni wamevaa makoti, wanalamba aiskrimu huku wanatetemeka! Mwaka wa kwanza niliwacheka. Safari hii tulikuwa wa nne kwenye foleni.

Tukaanza kunywa chai ya Jumamosi kwenye kibaraza, blanketi moja miguu sita. Dakika kumi tu, pua zinaganda, lakini jua linakupiga usoni na unajisikia mtu. Furaha za senti hamsini hizi, lakini mfukoni hazipungui.

Na kuna moja ambayo naipenda kuliko zote. Jumapili ya mwisho ya Machi, saa nane za usiku, saa za Ulaya zinarukishwa zinakuwa saa tisa. Wenzangu kazini wanalalamika kwamba wameibiwa saa moja ya usingizi. Mimi nafurahi, maana majira ya baridi tunapishana na nyumbani kwa saa mbili, na kuanzia siku hiyo tunapishana kwa saa moja tu. Ni kama vile usiku mmoja Tanga imesogezwa karibu. Jumapili hiyo mume wangu alimpigia baba yake, wakaongea hadi betri ikaisha.

Wiki ya kwanza ya Aprili, siku kama arobaini tangu tulipochomeka lile jani, binti yetu alitupigia kelele tuje dirishani. Chini ya jani mama, pale kikonyo kilipoingia udongoni, vilikuwa vimetokeza vijani vitatu vidogo kama masikio ya panya. Baba yake akachuchumaa, akatazama. Akasema: "Mama, nenda kalete maji. Ya uvuguvugu. Usimwagie juu."

Mtoto akakimbia jikoni kama vile hakuna kilichotokea. Mimi ndiye niliyeshika ukuta.

Kwa wewe na mwenzio

Sisemi ua linaponya msiba. Mume wangu bado kuna siku anazima taa mapema. Kwenye kabati tuna bahasha ya nauli, inajaa polepole, na mwezi wa Julai, Mungu akipenda, ataenda kusimama kwenye kaburi la mama yake. Kuna mambo ambayo hayana njia ya mkato.

Ila nimejifunza kwamba wanaume wengi hawawezi kukaa kwenye kochi wakaambiwa "haya, tuongee". Ukimkalisha hivyo anaona kama yuko kituo cha polisi. Mpe kitu cha kushika, macho yake yawe kwenye kazi na si usoni kwako, maneno yatakuja yenyewe. Na si wanaume tu, hata mimi niliyasema mengi sindano ikiwa mkononi ambayo nisingeyasema mikono mitupu.

Huna haja ya kuwa Ulaya. Uko Sinza, uko Njiro, uko Nyali, mvua za Machi zikianza na umeme ukakatika, msikimbilie kila mtu kwenye simu yake. Tafuteni robo saa. Kama mwenzio alikuwa anapiga gitaa shuleni, lishusheni juu ya kabati. Kama wewe ulikuwa unasuka mikeka kwa bibi, nunua ukili. Msitafute kitu cha kuuza wala cha kumwonyesha mtu. Kikiharibika, chekeni, mwanze kingine.

Na kama una shina la ua hilo la zambarau, kata jani moja umpe jirani yako aliyenyamaza. Mwambie asimwagie maji juu, na awe na subira ya siku arobaini.