Mwanga Unapopungua

Bibi alipofariki kule Mbeya, baada ya sisi wa Iringa na wao wa huko kufunga na kuomba, kijana wetu wa kidato cha tatu alituuliza: "Baba, Mama, ni dhambi kutaka uthibitisho?"

Tulimkumbusha Alhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016, alipokuwa mdogo, tulipompeleka Rujewa kutazama kupatwa kwa jua. Mwezi ulipita mbele ya jua, likabaki kama pete. Mwezi wenyewe hatukuuona ukija. Tuliutambua kwa mwanga uliokuwa ukipungua.

Ndivyo wanaastronomia walivyoigundua sayari ya nyota WASP-71. Tangu Desemba 2019 nyota hiyo inaitwa Mpingo na sayari yake Tanzanite, majina yaliyotoka kwetu Tanzania. Tanzanite ni sayari ya gesi, kubwa kuliko Jupita, nayo iko karibu sana na nyota yake hata mwaka wake haufiki siku 3. Inapopita mbele, mwanga wa Mpingo hupungua kwa chini ya asilimia 1.

Lakini kupungua mara moja hakutoshi. Huenda ni kasoro ya chombo, au nyota nyingine ya jirani. Kwa hiyo wanahesabu siku, wanaelekeza darubini tena, wanangoja. Hata baada ya kuthibitisha, wengine hupima upya, wala hakuna anayewaita wasioamini.

Gideoni naye aliomba ishara kwa ngozi ya kondoo, kisha akaomba mara ya pili. Mungu hakumkemea, alimjibu.

Hata hivyo hatukumficha mtoto tofauti iliyopo. Sayari ina ratiba. Mungu hatumpangii saa. Tulimwombea Bibi apone, hakupona, na maelezo hatuna. Tulichoweza kumwonyesha ni mambo tuliyoyaona zaidi ya mara moja: utulivu wa Bibi kila tulipomtembelea, majirani waliolala nasi msibani, na nguvu tulizopata misiba iliyotangulia, tulipodhani hatutainuka.

Tukamwambia, "Uliza, mwanetu. Ila usiondoke mapema. Wanaoitazama Mpingo hawakati tamaa kwa usiku mmoja wa mawingu."

Bado anauliza. Na kila Jumapili tunakaa naye benchi moja.