Kupima Kabla ya Kuendelea: Funzo Nililolipata kwa Seva ya Chuo

Katika jarida hili tumezoea kusoma habari za maandalio ya masomo, zana za kufundishia na usimamizi wa darasa. Leo naomba ruhusa ya wasomaji nieleze jambo lililonipata nje ya darasa, katika chumba kidogo kilicho nyuma ya maktaba ya chuo, ambamo imewekwa kompyuta iitwayo seva. Nalieleza kwa sababu kosa nililolifanya mle ndilo nililokuwa nikilifanya darasani kwa miaka mingi bila kulitambua, na nachelea kwamba wengi wenu, ndugu wanachuo, mtaanza kazi mkiwa nalo.

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Ya kwetu hubeba programu ya Moodle, ambayo wakufunzi huitumia kuweka masomo, kupokea kazi za wanachuo na kutunza alama, zikiwamo alama za mazoezi ya kufundisha pamoja na maoni ya wakufunzi waliowakagua. Chini ya programu hiyo umo mfumo endeshi, yaani programu inayoziongoza programu nyingine zote. Mfumo endeshi ni kama mwalimu wa zamu: hafundishi masomo yote, lakini ndiye anayesimamia kengele na anayeamua nani aingie langoni na nani asubiri. Mwalimu wa zamu akilegea, shule nzima huyumba.

Mfumo endeshi wetu ulikuwa Ubuntu, toleo la 18.04. Jina hilo ni neno la lugha za Kinguni za kusini mwa Afrika, lenye asili moja na neno letu utu. Namba zake nazo zina maana: ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi, hivyo 18.04 ni toleo la Aprili 2018. Matoleo ya aina hiyo hutoka kila baada ya miaka miwili, na watengenezaji huyatunza kwa miaka mitano bila malipo, wakiziba kila tundu la usalama linalogunduliwa. Muda huo kwa toleo letu ulikwisha Mei 2023. Kuendelea nalo kulikuwa sawa na kulala katika nyumba yenye dirisha bovu, hali wezi wanajua ni dirisha lipi.

Mwenzetu aliyekuwa akiitunza seva alikuwa amehamishwa, akaacha daftari lake la maelezo. Kazi ya kuuhamishia mfumo kwenye toleo jipya iliniangukia mimi, ambaye nina stashahada ya ualimu na mazoea ya kompyuta tu. Tulichagua likizo ya Disemba 2023, wanachuo wakiwa makwao. Shabaha yetu ilikuwa toleo la 22.04. Maelekezo ya watengenezaji yalisema wazi kwamba mtu haruhusiwi kuruka toleo: kutoka 18.04 sharti apite 20.04, ndipo afike 22.04.

Tulianza Jumamosi asubuhi, mimi na msaidizi wa maabara. Hatua ya kwanza ilichukua saa nyingi, maana mafaili mengi yalipaswa kushushwa kwa mtandao wetu wa polepole. Mara kwa mara mashine ilisimama na kuuliza: faili hili la mipangilio lilikwisha kubadilishwa hapa kwenu, mbaki na lenu, au mchukue jipya? Nilipolikuta jibu katika daftari la mwenzetu nililifuata. Nilipolikosa nilijibu kwa kubahatisha. Alasiri mashine ilijizima, ikawaka tena, ikatoa maneno ya kukaribisha. Msaidizi akasema, "Mwalimu, tusifungue kwanza Moodle tuone kama inafanya kazi?" Nikamjibu, "Ndugu yangu, mashine yenyewe imesema iko tayari. Tuendelee kabla umeme haujakatika."

Usiku hatua ya pili ilikamilika, nayo Moodle haikufunguka. Sababu yake niliielewa baadaye. Moodle huandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, na kila toleo la Ubuntu huja na PHP yake: 18.04 huja na PHP 7.2, 20.04 huja na 7.4, na 22.04 huja na 8.1. Moodle yetu, toleo la 3.9, ilitengenezwa kwa ajili ya PHP 7.2 hadi 7.4. Kwa hiyo kituo cha katikati kilitufaa. Ni pale ambapo tungetua, tukaitazama Moodle, tukaikuza hadi toleo linaloweza kwenda na PHP 8.1, kisha tukaendelea. Haya yote yalikuwa yameandikwa na watengenezaji kwa yeyote mwenye subira ya kusoma. Kosa lilikuwa langu.

Sikuogopa sana, kwa kuwa tulikuwa na nakala za akiba. Kila usiku seva ilitoa nakala ya kumbukumbu zote na kuiweka kwenye diski ya pembeni. Kila Ijumaa mimi niliangalia orodha ya nakala hizo, nikaona majina na tarehe zimejipanga vizuri, nikatia alama ya vema katika daftari. Jumapili nilifungua moja kwa mara ya kwanza. Haikuwa na kitu. Nikafungua ya siku iliyotangulia, nayo vilevile. Diski ilikuwa imejaa tangu Agosti, na kutoka siku hiyo kila nakala iliandikwa jina na tarehe tu, ndani ikawa tupu. Kwa miezi minne nilikuwa nikiyatilia vema majina matupu.

Hapo ndipo hofu iliponishika. Alama za mazoezi ya kufundisha za mwaka wa pili zilikuwa humo. Fomu za karatasi za baadhi ya wanachuo zilikwisha kuchomwa kwa agizo langu mwenyewe, kwa kuwa nilisema, "Zimo kwenye mashine." Nilifikiri jinsi ningesimama mbele ya wanachuo hao na kuwaambia kwamba wiki zao nane za kazi zimepotea kwa sababu mkufunzi hakufungua faili.

Hazikupotea. Kumbukumbu zenyewe zilikuwa bado salama ndani ya seva. Kilichoshindikana ni programu ya kuzisoma. Tulitoa nakala mpya, tukaipeleka kwenye kompyuta kuukuu ya maabara, tukaifungua huko, na tukalinganisha alama za wanachuo kumi na fomu za karatasi zilizosalia. Zilipolingana, tuliweka Moodle 4.1, ambayo inakubaliana na PHP 8.1 na hupokea kumbukumbu kutoka toleo la 3.9. Jumanne jioni kila kitu kilifunguka. Hata hivyo, kilichotuokoa ni bahati, na bahati si mbinu.

Februari 2024 nilikwenda kumkagua mwanachuo katika shule ya msingi. Alifundisha Darasa la Nne kugawanya kwa njia ndefu. Sauti yake ilikuwa nzuri, ubao wake safi. Mwishoni aliuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima likaitika, "Ndiyo, mwalimu!" Kalamu yangu ilikuwa tayari juu ya sehemu ya upimaji katika fomu, nitie vema. Mkono ulisita. Nilikuwa nimeiona orodha hii kabla: majina yote yapo, yamejipanga vizuri, na hakuna aliyefungua hata moja.

Nikamwomba ruhusa mwanachuo, nikamwita mtoto mmoja wa nyuma agawanye 96 kwa 4. Alama ya kugawanya aliichora sawasawa, kisha akasimama. Njia aliijua, alichokosa ni jedwali la nne, ambalo alipaswa kulimudu kabla ya somo hili. Darasa lilikuwa limerushwa toleo. Watoto wote walipopewa hesabu hiyo daftarini, waliopata walikuwa wachache mno kuliko waliosema ndiyo.

Sikuweza kumlaumu mwanachuo yule. Mimi ndiye niliyemfundisha, na wengi waliomtangulia niliwapa vema kwa sababu ya "Ndiyo, mwalimu" kama hiyo.

Kutokana na hayo, ndugu wanachuo, nawashauri mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuingia mada mpya, jaribuni kwa hesabu mbili au tatu yale ambayo mada hiyo inayategemea. Mtoto harushwi toleo. Pili, mkimaliza hatua moja ya somo, tueni. Dakika tano za kutazama madaftari katikati ya kipindi huokoa wiki nzima ya kurudia. Tatu, acheni kuuliza "Mmeelewa?" kana kwamba jibu lake ni kipimo. Badala yake semeni, "Juma, njoo utuoneshe," au "Kila mmoja aandike jibu lake." Mtoto huitika ndiyo kwa adabu, na pengine kwa kuogopa kuchekwa. Adabu hiyo isitupumbaze.

Siku hizi, kila mwisho wa mwezi, msaidizi wa maabara nami huchukua nakala moja ya akiba, huirudisha kwenye ile kompyuta kuukuu, na husoma alama za wanachuo watatu kwa sauti. Ndipo ninapotia vema. Na katika fomu ya ukaguzi, sehemu ya upimaji siijazi tena hadi nimepita kati ya madawati na kuona kilichoandikwa. Mtakapokuwa shuleni nami nikaja kuwakagua, msishangae nikianza kwa kuomba madaftari.