Mkunguni: Uwanja na Haki Zake



Msafiri aendaye Lamu, akishuka gatini kutoka Mokowe, hana haja ya kuuliza uwanja uko wapi. Apite baina ya nyumba zinazotazama bahari, aende hatua chache, naye atatokea mahali ambapo vichochoro vinaachana na mbingu inaonekana. Mbele yake pana ngome kubwa, pembeni pana soko, na chini ya vivuli vya miti pana mabaraza yaliyojaa watu. Hapo ndipo Mkunguni. Tulipita huko tena hivi karibuni, tukakaa tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, na makala haya ni matunda ya kikao hicho.

Jina la mahali linatokana na mkungu, mti ule wenye majani mapana yanayogeuka mekundu kabla ya kupukutika, ambao watoto huziokota kungu zake wakazivunja kwa mawe. Lakini aliyekuja mwanzo hapa si mti, ni bahari. Ngome ilipojengwa ilikuwa karibu na maji. Miaka iliyofuata watu walijaza ufuo kwa mawe na vifusi, wakajenga nyumba mbele yake, na bahari ikasogea. Ushahidi hauko mbali: jirani na hapo upo Msikiti wa Pwani, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1370, na leo anayeswali ndani yake haoni pwani.

Ujenzi wa ngome ulianza mwaka 1813 na kumalizika mwaka 1821. Watu wa Lamu walikuwa wametoka katika vita vya Shela, walipowashinda watu wa Pate pamoja na Mazrui wa Mombasa. Hata hivyo waliogopa kisasi, wakataka himaya kwa Sayyid Said bin Sultan wa Omani, naye akaweka askari wake. Basi ngome ni mtoto wa hofu. Uwanja ulio mbele yake umekuwa kinyume cha hofu: watu wa Mkomani na wa Langoni, wenye nyumba za mawe na wenye nyumba za makuti, mabaharia, wachuuzi na wanavyuoni, wote wamepata pa kukutana bila ya mtu kubisha hodi kwa mwenziwe.

Katika Kiswahili cha zamani neno gereza lilikuwa na maana ya ngome. Lamu maana zote mbili zilikutana katika jengo moja, kwani kuanzia mwaka 1910 hadi 1984 ngome hii ilikuwa jela. Kwa zaidi ya miaka sabini watu walicheza bao na kunywa kahawa chungu chini ya ukuta ambao nyuma yake walikuwapo wenzao waliofungwa.

Mwisho wa zama hizo tuliuona kwa macho yetu, tulipokuwa watoto wa chuoni. Siku moja mfungwa aliyekuwa akifagia mbele ya lango alitutolea salamu. Hatukuijibu, tuliogopa tukakimbia. Maalim wetu alikuwa amekaa barazani na ameona yote. Hakutupiga. Alitushika mikono akaturudisha hadi kwa yule mtu, akaijibu salamu kwa sauti, kisha akatutaka nasi tuijibu. Tulipokuwa tukirudi alisema: "Aliyefungwa ni yeye. Salamu yake haikufungwa."

Maneno hayo tuliyafahamu zaidi tuliposoma hadithi iliyopokewa na Abu Said al-Khudri, radhi za Allah ziwe juu yake, katika Bukhari na Muslim. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, aliwatahadharisha masahaba na kukaa njiani. Wakasema kwamba hawana budi na vikao vyao, ndimo wanamozungumza. Akawaambia kuwa kama hapana budi, basi waipe njia haki yake. Nayo ni kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, na kuamrisha mema na kukataza maovu.

Kwa kipimo hicho tuliutazama uwanja. Haki ya macho: kina mama na mabinti hupita hapa kwenda sokoni, na njia ni yao kama ilivyo yetu. Mama anayelazimika kuzunguka vichochoroni kwa sababu ya macho ya walio barazani amedhulumiwa. Haki ya kuzuia maudhi: mji huu, uliotiwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, ulijengwa kwa mwendo wa miguu na wa punda. Pikipiki inapojipenyeza mahali ambapo wapitao wawili huombana nafasi, mzee na mtoto hukosa amani. Kijana anatafuta riziki, nasi hatumlaumu kwa hilo. Tunamkumbusha tu kwamba riziki haiondoi haki ya mpita njia.

Kuhusu salamu, tunaandika kwa aibu. Jioni ile mzee mmoja mwenye bakora alipita akasalimu. Barazani walikuwapo vijana sita, na sisi wa saba. Wote tulikuwa tumeinamia simu, hata sisi tulikuwa tukisoma ujumbe. Salamu ikapita bila ya jibu. Tulipozindukana mzee alikwisha pinda kona. Tukamkumbuka Maalim, tukasimama, tukamfuata hadi Usita wa Mui, tukamjibu alipokuwa amesimama dukani. Alitutazama akacheka: "Sheikh, jawabu lako limekuja kwa miguu!" Tuliporudi, vijana wawili walikuwa wametia simu mifukoni, na mmoja akatuuliza yule mzee ni nani. Hatukumjua. Tulizungumza nao juu ya haki ya njia mpaka mwadhini akatunyamazisha.

Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, amri ya kutotoka usiku iliufunga mji, na mwaka 2020 maradhi ya korona yaliufunga tena. Uwanja ukawa kimya usiku, na watu wakatamani hata kelele za dumna. Safari hizo tulifungiwa uwanja na amri. Tukiufunga safari hii, tutakuwa tumeufunga wenyewe, tukiwa tumekaa ndani yake bega kwa bega.

Ngome leo imo mikononi mwa Makumbusho ya Kitaifa. Lango lake liko wazi, na uani mwake hufanyika arusi na mikutano. Jela imekwisha. Kila mji wetu wa pwani una Mkunguni yake, hata ikiwa ni baraza moja mbele ya msikiti. Wazazi, watumeni watoto wapite hapo. Wazee, waachieni nafasi wakae. Na apitaye akitoa salamu, tuijibu kabla hajapinda kona.

Allah atujaalie vikao vyetu viwe shahidi wa kheri kwetu. Amin.