Kombolela Katika Ua wa Bagamoyo

Mji wa Bagamoyo uko pwani ya Tanzania, mwendo wa kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam. Mwenye kuufikia leo kwa basi hupata taabu kuamini ya kuwa zamani hapa ndipo zilipokoma safari za miguu za miezi mingi. Misafara ya pembe na ya watumwa ilishuka kutoka Ujiji na Tabora, ikapumzika, kisha mizigo na watu wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Nyumba za mawe zingali zipo, nyingine zimetengenezwa, nyingine miti imeota ukutani. Wengi wamekwisha kuziandika. Sisi tunataka kuandika habari ya kopo bovu na watoto saba.

Walakini hatuna budi kuanza na misioni ya kale, maana ndiko tulikotoka siku ile. Mapadre wa Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo kutoka Unguja mwaka 1868. Wengi wa watoto waliokaa nao walikuwa wamenunuliwa katika soko la watumwa la Unguja, kabla soko lile halijafungwa mwaka 1873, kwa fedha zilizochangwa na Wakristo wa Ulaya. Wakapewa nyumba, na shule, na mashamba, nao walipokua wakaoana, kikawa kijiji. Tusidhani kila mmoja wao alikuwa na furaha: maisha yao yalikwenda kwa kengele, ya sala, ya kazi, na ya chakula, na wengine walitoroka. Mnara wa kanisa lao la kwanza ungali umesimama. Humo ulilazwa usiku mmoja, mwezi wa Februari 1874, mwili wa Livingstone, baada ya Susi na Chuma na wenzao kuuchukua kutoka bara. Katika nyumba ya makumbusho tuliona minyororo ya watumwa, tukatoka tukiwa kimya.

Basi tukarudi mjini kwa njia ya miembe, na tulipopita nyuma ya nyumba moja yenye ua wa makuti tukasikia sauti za watoto: "Kombolela!" Neno hili twalijua sote tangu utoto, lakini siku ile lilitusimamisha. Nani asiyesikia ndani yake neno komboa? Tukapiga hodi. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akikuna nazi, akatukaribisha. Watoto wakaja mbio kutuamkia, "Shikamooni," wakarudi mchezoni hata kabla hatujamaliza kuitikia.

Mchezo wenyewe huchezwa hivi. Huchorwa duara mchangani, upana wa hatua moja, na katikati huwekwa kopo tupu. Watoto wa ua ule walikuwa wametia kokoto ndani na kuliziba mdomo, lipate kulia likipigwa. Twaona ni akili njema. Mmoja huwa mlinzi. Mwenzake mwenye mguu wa nguvu hulipiga kopo teke liende mbali, na mlinzi akilifuata, wote hukimbia kujificha. Akiisha kulirudisha mahali pake, huanza kutafuta. Akimwona mtu, lazima amtaje jina na mahali alipo, "Fulani, nyuma ya pipa!" kisha akimbilie kopo na kulikanyaga kabla yule hajafika. Akiwahi, aliyetajwa ni mateka, naye husimama kando ya duara. Akikosea jina, mateka wote huachiliwa. Kwa sababu hiyo watoto hubadilishana mashati na kanga huko mafichoni, na mlinzi akiona shati la kijani hujiuliza mara mbili kabla ya kufungua kinywa.

Lakini utamu wote u katika jambo hili: mtu yeyote ambaye hajakamatwa aweza kutoka, akalipiga kopo teke na kulia, "Kombolela!" Hapo mateka wote hutawanyika, na mlinzi huanza upya. Mlinzi akiwakamata wote, aliyekamatwa kwanza hushika zamu.

Tulitazama kwa muda mrefu, tukaona ya kuwa aliyejificha vizuri ana shida kuliko aliyekamatwa. Akikaa alipo, yu salama. Akitoka, labda atakamatwa yeye naye. Wenzake waliosimama jua kali humwita kwa macho tu, maana ni mwiko kumsaidia kwa maneno.

Walimu wanaotaka kuufundisha na wawe na watoto sita hata kumi na wawili. Mipaka itajwe kwanza: uani tu, nje ya ukuta hapana. Kisima kifunikwe, moto wa jikoni uzimwe, kamba ya nguo ipandishwe juu ya vichwa. Na mchezo ukome kabla ya giza, kwa maana nyoka na visingizio vyote hupenda giza. Mlinzi anayeganda karibu na kopo watoto humcheka kwamba anaatamia kama kuku. Tungeweka sharti kwamba aende hatua kumi kila mara. Tena, mtoto mnyonge asiachwe mlinzi mchana kutwa hata alie. Akishindwa mara tatu, zamu ibadilishwe. Tumeona michezo mingi ikigeuka mateso kwa kukosa sharti hili moja, na wazee wakakataza mchezo badala ya kurekebisha.

Tulimwuliza mama kama kelele hazimchoshi. Akasema, "Afadhali niwasikie hapa uani kuliko nisiwasikie kabisa." Akaendelea na nazi yake.

Jua lilipokuwa linashuka, mlinzi, kijana mrefu wa miaka kumi na miwili hivi, alikuwa amekwisha kuwakamata watano. Alibaki msichana mmoja, mdogo kuliko wote, na sisi tulijua alipo: chini ya jamvi lililoegemezwa bandani kwa kuku. Mama akawaita waingie kuoga. Hakuna aliyeondoka. Mateka walisimama pale pale kando ya duara, mmoja akiwa na mguu mmoja juu kama korongo, nao wakamjibu mama kwa heshima kwamba hawawezi kuja, bado hawajakombolewa. Mlinzi akaenda kutazama nyuma ya mnazi, hatua nane, tisa. Jamvi likaanguka. Msichana akatoka mbio, kanga ya kaka yake ikimburuta nyuma, akateleza, akainuka, na kopo likaruka likagonga mlango wa jikoni kwa kishindo.

"Haya," akasema mama, "mmekombolewa. Maji yanapoa."

Wakaingia wote, na mlinzi akaenda kuliokota kopo.